Chupa ya bia kwa matumizi ya pili: kuchagua chupa na mashine ya kubania visoda

Mtu anayejitengenezea bia, tangawizi yenye gesi au mvinyo wa rozela nyumbani kwake hapa Dar es Salaam kwa kawaida huanza kwa kujifunza mambo ya kimea, hamira, sukari na usafi wa ndoo, na huifikia siku ya kujaza chupa akiwa hajaifikiria chupa yenyewe. Hilo linasikitisha, kwa sababu hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama kinywaji kitakuwa na gesi au kitapooza, kama kitadumu wiki mbili au miezi kadhaa, na, jambo lililo zito kuliko yote, kama chupa itabaki nzima au itapasuka mkononi mwa mtu. Maswali mawili huulizwa kila mara: ni chupa zipi za bia ya dukani zinazofaa kutumiwa tena, na ni mashine ipi ya kubania visoda inayofaa kununuliwa. Huulizwa kana kwamba kila moja lina jibu lake. Ninavyoona mimi, ni swali moja linaloanzia kwenye chupa, na katika mji wenye joto kama wetu jibu lake linatawaliwa na shinikizo la gesi.

Ninachozungumzia hapa ni kinywaji kilichochachushwa kwa ajili ya kunywewa nyumbani. Kuuza vileo kunahitaji leseni, na kukeneka gongo ni kosa kisheria. Mambo hayo mawili hayamo katika makala hii.

Tuanze na shinikizo, maana bila kulielewa mengine yote yataonekana kuwa ni uchaguzi wa ladha tu. Bia ya nyumbani hupata gesi yake ndani ya chupa. Mtengenezaji huongeza sukari kidogo katika bia iliyokwisha kuchachuka, hujaza chupa na kuzifunga, na hamira iliyosalia huila sukari hiyo na kutoa kaboni dioksaidi ambayo haina pa kutokea. Watengenezaji hupima gesi hiyo kwa ujazo: bia ya kawaida huwa na ujazo wa takribani 2.4, maana yake kila lita ya bia imebeba lita 2.4 za gesi. Kiasi hicho cha gesi hakibadiliki chupa ikishafungwa, lakini msukumo wake dhidi ya kioo na kisoda hubadilika sana kulingana na joto, kwa sababu kimiminika cha baridi huishika gesi vizuri na kimiminika cha moto huiachia. Bia ya ujazo wa 2.4 iliyo ndani ya friji kwenye nyuzi 4 za Selsiasi husukuma kwa shinikizo la takribani PSI 10 (pauni kwa inchi ya mraba). Bia hiyohiyo, ikiwa imekaa sebuleni Mbagala au Tabata mwezi wa Februari kwenye nyuzi 28 hadi 30, husukuma kwa PSI 35 hivi, ambalo ni shinikizo la tairi ya gari dogo iliyojazwa upepo sawasawa. Vitabu na maelekezo mengi ya utengenezaji wa bia nyumbani yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao chupa zao hukaa kwenye chumba cha nyuzi 18 au 20. Chupa ambayo kwao ina nafasi kubwa ya usalama, kwetu nafasi hiyo imeshapungua kabla mtengenezaji hajafanya kosa lolote.

Na kosa la kawaida ni kufunga chupa kabla bia haijamaliza kuchachuka. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya bia na ambacho namba yake hushuka kadiri hamira inavyoila sukari, kikionyesha 1.014 wakati bia ingefaa ishuke hadi 1.010, tofauti hiyo ndogo ya alama nne inatosha kuongeza ujazo wa takribani 2 wa gesi juu ya ule uliokusudiwa. Shinikizo ndani ya chupa iliyo kwenye nyuzi 30 litapita PSI 70. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya chupa salama hufuatwa kabla chupa hazijaguswa: pima leo, pima tena baada ya siku tatu, na usijaze mpaka vipimo viwili vifanane. Asiye na haidromita asijaze bia kwenye chupa za kioo kabisa. Nalisema hili bila kulainisha, kwa sababu uchachuaji wa joto la Dar es Salaam huanza kwa kasi kubwa na povu hutulia mapema, na utulivu wa povu humdanganya mtu adhani kazi imekwisha.

Kuhusu kiasi cha sukari, hesabu si ngumu. Gramu 4 za sukari ya kawaida katika lita moja huzalisha takribani ujazo mmoja wa gesi. Bia iliyochachuka kwenye nyuzi 28 hadi 30 tayari imebakiwa na ujazo wa 0.7 hivi, kwa hiyo kufikia 2.4 kunahitaji ujazo wa 1.7, yaani gramu 7 kwa lita kwa makadirio, au gramu 140 kwa lita 20. Pima kwa mizani ya jikoni, yeyusha sukari yote katika maji kidogo yaliyochemka, iache ipoe, kisha ichanganye taratibu na bia yote kabla ya kujaza. Wanaotia sukari kwa kijiko katika kila chupa hupata chupa moja iliyopooza na nyingine inayomwaga povu hadi nusu ya bia iko mezani, maana chupa ya mililita 500 inahitaji gramu tatu na nusu tu, na kijiko cha chai kilichojaa kwa kichuguu hupita hapo kwa urahisi.

Sasa chupa. Bia zinazouzwa mjini hapa huja katika chupa za aina mbili ambazo kwa macho zinakaribiana lakini kwa nguvu zinatofautiana. Kuna chupa za kurudisha, kama zile za kahawia za mililita 500 zinazosafiri ndani ya kreti kati ya kiwanda, duka la jumla na baa, na kuna chupa za kutumia mara moja, nyingi zikiwa za mililita 330, ambazo hununuliwa kwenye supamaketi na hazirudi popote. Chupa ya kurudisha imetengenezwa ikijulikana kwamba itaoshwa kwa mashine, itagonganishwa na wenzake, itajazwa na kufungwa upya mara nyingi. Kioo chake ni kinene, kitako chake ni kizito, na mdomo wake umeumbwa kustahimili opena nyingi. Chupa ya mara moja imepunguzwa kioo kadiri inavyowezekana ili usafirishaji uwe nafuu. Chukua zote mbili, ziweke kwenye mizani, gawanya uzito kwa ujazo, na mara nyingi mizani yenyewe itakupa jibu.

Si kwamba kila chupa ya mara moja haifai. Zipo nzuri, hasa za bia za kutoka nje zenye kioo kizito. Lakini mtu anayetaka chupa arobaini zinazofanana, na kufanana ni jambo nitakalolirudia nikifika kwenye mashine, atazipata kwa uhakika katika kreti za chupa za kurudisha.

Rangi nayo ina sababu yake. Mwanga wa jua, hasa ule wa upande wa zambarau na bluu, huvunja kemikali chungu za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, na kuzalisha kemikali ya salfa yenye harufu kali inayosikika hata ikiwa kidogo mno. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani huzuia kidogo. Cheupe hakizuii karibu chochote. Kwa jua letu, bia yenye hopsi iliyo ndani ya chupa nyeupe na kuachwa dirishani inaweza kuharibika ladha katika muda mfupi sana. Tangawizi isiyo na hopsi haina tatizo hilo, na ndiyo maana chupa za kioo za soda, ambazo ni imara kwa sababu soda hubeba gesi nyingi kuliko bia, ni chupa bora kwa tangawizi ingawa ni nyeupe. Chupa za mvinyo wa kawaida na za konyagi hazikuumbwa kubeba shinikizo, na zisitumike kwa kinywaji chenye gesi hata kama zina kioo kinene. Chupa za plastiki za maji ya kunywa, ambazo mjini hapa hutumiwa tena kwa kila kitu kuanzia juisi ya ubuyu hadi sabuni ya maji, nazo haziko katika kundi hili. Za soda ndizo zinazobeba gesi.

Baada ya uzito na rangi, angalia mdomo, na uangalie kwa kidole kuliko kwa macho. Pitisha kidole kuzunguka mdomo kwa nje, pale kisoda kinapokaa. Mdomo unaofaa ni laini na wa mviringo uliojaa, wa kufunguliwa kwa opena. Ukisikia mistari ya hesi, hiyo ni chupa ya kufunguliwa kwa kuzungusha kwa mkono. Kisoda cha kawaida huweza kubanwa juu yake na kwa siku mbili ikaonekana imefungika, lakini kingo za kioo hapo ni nyembamba, meno ya kisoda hayapati mahali pa kushika sawasawa, na gesi huvuja polepole. Mimi husema ziachwe. Vipimo vya mdomo navyo ni viwili: wa kawaida, unaopokea visoda vya milimita 26, na mpana zaidi, unaopokea vya milimita 29, ambao hupatikana kwenye chupa za shampeni na baadhi ya chupa za bia za Ulaya. Chupa za bia zinazozunguka Dar es Salaam ni za 26. Mwenye chupa nzuri za shampeni alizookota baada ya harusi ana hazina ya kioo kizito kuliko kingine chochote, ila atalazimika kuwa na visoda vya 29 na kikombe cha mashine, yaani ile sehemu inayokibana kisoda, kinacholingana navyo.

Suala la wapi pa kuzipata chupa linastahili kusemwa kwa uwazi. Chupa ya kurudisha imo katika mzunguko wa kiwanda, na anayeichukua bila kulipia anaikata. Njia ya haki ni kununua kreti kwenye duka la jumla kwa kulipia bia pamoja na dhamana ya chupa na kreti, kunywa bia hiyo na jamaa, kisha kubaki na chupa ambazo umeshaweka fedha yake. Ondoa lebo zote, kwa usafi na pia ili kinywaji chako kisije kikadhaniwa ni bidhaa ya kampuni nyingine. Kuokota chupa mitaani au kununua kwa wakusanyaji ni rahisi zaidi, lakini kuna hatari ambayo wageni wa jambo hili hawaifikirii. Katika mji huu chupa ya bia ni chombo cha kila kitu: mafuta ya taa, tina ya rangi, dawa ya wadudu, betri asidi, dawa za mitishamba. Chupa isiyojulikana ilikopita haina kipimo cha nyumbani kitakachokuhakikishia kwamba ni salama. Ukiinusa na kusikia harufu yoyote isiyo ya bia au ya ukungu, iache. Na usipoisikia, bado hujui. Chupa uliyoifungua mwenyewe ndiyo pekee unayoijua historia yake.

Ukaguzi ufanyike mchana, chupa ikiwa tupu na kavu, ikielekezwa kwenye mwanga. Utaona kwenye bega na karibu na kitako cha chupa za kurudisha pete mbili zilizopauka. Hizo ni alama za kusuguana na chupa nyingine kwenye mitambo na kreti. Pete nyembamba ni jambo la kawaida. Pete pana, nyeupe na yenye makwaruzo ya kina ni dalili kwamba chupa imezeeka, na kila kwaruzo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia shinikizo linapopanda. Mdomo nao uchunguzwe kwa ukucha. Katika baa zetu chupa hufunguliwa kwa meno, kwa kreti, kwa ukingo wa meza na kwa chupa nyingine, na kila mtindo kati ya hiyo unaweza kubandua kipande kidogo cha kioo ambacho hakionekani mpaka mtu akitafute. Mdomo uliomeguka hata kidogo hauzibiki, na mbaya zaidi, kipande kingine huweza kuangukia ndani wakati wa kubana. Chupa hiyo ina kazi nyingine, lakini si hii.

Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili, na ya pili haifanikiwi kama ya kwanza haijakamilika. Viwandani chupa huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda. Nyumbani kostiki haina sababu ya kutumika, kwa kuwa huunguza ngozi na macho. Maji ya uvuguvugu yenye magadi soda yatatosha chupa zikilowekwa usiku mzima. Lebo za karatasi za chupa za kurudisha zimebandikwa kwa gundi inayoachia katika maji ya aina hiyo, kwa hiyo asubuhi huteleza zenyewe. Brashi ndefu ya chupa ipite ndani, hasa kwenye kona ya chini ambako mashapo ya hamira hukauka. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi ataona utando mweupe chupa ikikauka. Suuza kwa maji yenye siki au ndimu kisha kwa maji safi utaondoka. Kanuni bora ya kuepuka tabu hii yote ni kusuuza chupa mara tatu dakika ileile bia inapomalizika, na kuihifadhi ikiwa imeinama mdomo chini.

Kwa kuua vijidudu, dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato hufaa, kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne za maji, kwa dakika ishirini, lakini lazima isuuzwe vizuri kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa sababu mabaki yake huungana na kemikali za bia na kuleta ladha ya hospitali isiyoondoka. Isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala asidi nyingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Mwenye oveni anaweza kuziweka chupa kavu, akaongeza joto taratibu hadi nyuzi 170, akaziacha kwa saa moja na kuziacha zipoe humohumo. Jambo la kukumbuka katika njia yoyote inayotumia moto ni kwamba kioo cha chupa hakivumilii mabadiliko ya ghafla: tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya kioo na maji yanapomiminwa inaweza kutosha kuleta ufa, na ufa huo unaweza kuwa mdogo usionekane hadi wiki moja baadaye.

Kisoda tunachokibandua na kukitupa bila kukiangalia ni kifaa kilichofikiriwa kwa makini. William Painter wa Baltimore, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1892. Kilikuwa na meno 24 na kipande cha koki ndani. Cha leo kina meno 21 na utando wa plastiki laini. Kabla ya kubanwa kina upana wa milimita 32 hivi na kimo cha milimita 6. Kazi ya mashine ni kukisukuma chini mpaka utando ubonyee juu ya mdomo wa kioo, na wakati huohuo kuyakunja meno yote kwa pamoja yaingie chini ya ukingo wa mdomo. Kikibanwa vizuri, upana wake hushuka hadi karibu na milimita 29, kuanzia 28.6 hivi. Kikiwa kipana kuliko hapo, meno hayajashika na gesi itatoka. Kikiwa chembamba sana, bati limeminywa kupita kiasi, na kioo nacho kimebeba nguvu isiyohitajika.

Kutokana na maelezo hayo ni wazi kwa nini kisoda kilichokwisha tumika hakifai. Opena imeshakikunja bati upande mmoja na utando wake umeshachukua umbo la mdomo mwingine. Ninajua wapo wanaovinyoosha kwa nyundo. Kuvinyoosha hakurudishi duara, na gesi hupita penye mkunjo. Nunua vipya, na uvihifadhi ndani ya chombo kisichoingiza hewa, kwa sababu unyevu wa pwani huanza kuyatia kutu meno ya bati mapema kuliko mtu anavyotarajia.

Mashine za kubania visoda kwa matumizi ya nyumbani ziko za namna tatu, na ya kwanza nitaipita haraka. Ni kikombe cha chuma kinachowekwa juu ya kisoda na kugongwa kwa nyundo. Ni rahisi kwa bei, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Pigo halilingani mara mbili, meno hukunjwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na mtu anapiga nyundo juu ya kioo kilichojaa. Usiinunue.

Ya pili ni ya mikono miwili. Kikombe cha kubania kiko katikati, mara nyingi kikiwa na sumaku inayoshika kisoda, na pande zote kuna wenzo unaobonyezwa kuelekea chini. Nyenzo hizo zikishuka, vibamba viwili vya chuma hukaba shingo ya chupa chini ya pete ya kioo iliyo karibu na mdomo, na kwa kuivuta pete hiyo juu, kikombe husukumwa chini. Hapa ndipo chupa na mashine vinapokuwa jambo moja. Mashine hii haisukumi chupa dhidi ya meza. Inaitegemea ile pete. Pete ikiwa nene, na ikiwa umbali wake kutoka mdomoni ni ule ambao mashine iliutarajia, kazi huwa nyepesi na kisoda hukaa sawasawa. Pete ikiwa nyembamba au imewekwa chini sana, vibamba huteleza, au hushika upande mmoja, na shingo huweza kukatika mtu akiwa ameilalia kwa uzito wake. Katika baadhi ya mashine vibamba huweza kugeuzwa ili kushika shingo za upana tofauti, na inafaa kuuliza kabla ya kununua. Mwenye chupa za aina moja zilizothibitika, anayejaza mara moja kwa mwezi na hana nafasi nyumbani, anaweza kuishi na mashine hii kwa miaka.

Ya tatu ni ya kusimama mezani. Ina kitako ambacho chupa hukalia, nguzo, na mkono mmoja unaoshusha kikombe wima juu ya kisoda. Nguvu yote hupita katikati ya chupa kutoka mdomoni hadi kitakoni, upande ambao kioo kina uwezo mkubwa kuliko pande zote, na shingo haivutwi na chochote. Pete ya shingo haina kazi tena, kwa hiyo chupa ambazo mashine ya mikono miwili ilizikataa hapa zinakubalika. Nyingi huruhusu kikombe kubadilishwa kutoka 26 kwenda 29. Bei yake ni kubwa kuliko ile ya mikono miwili, ni nzito kusafirisha, na inadai meza isiyotikisika. Ni vyema kufungwa kwa bolti kwenye ubao mpana. Kimo chake hurekebishwa kufuata kimo cha chupa, na hapo ndipo faida ya chupa zinazofanana inapojirudia, kwa kuwa kuchanganya chupa za mililita 330 na 500 katika zamu moja humlazimu mtu kusimama na kurekebisha kila mara, na marekebisho ya haraka ndiyo yanayoleta visoda vilivyobanwa nusu.

Mimi ninapendekeza ya mezani kwa Dar es Salaam, na sababu yangu si starehe. Kwa kuwa joto letu limeshakula sehemu ya usalama wa chupa, sioni busara kuiongezea shingo mvuto ambao unaweza kuepukwa. Anayeogopa bei afikirie kuchanga na wenzake wawili, maana mashine hii hukaa bila kazi siku nyingi. Mafundi wa eneo la Gerezani mjini hapa wana uwezo kamili wa kuchomelea fremu, nguzo na mkono, na kazi yao itadumu kuliko plastiki ya mashine nyingi za nje. Kisichofaa kubahatishwa ni kikombe. Uwazi wake wa ndani unapaswa kukunja meno 21 kwa usawa hadi kipimo nilichotaja, kwa chuma kigumu kisicholika, kwa hiyo nunua kikombe kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na umpe fundi akijengee fremu. Na kwa mashine yoyote, iwe ya dukani au ya fundi, nenda na chupa zako mwenyewe na visoda vichache, ubane mbele ya muuzaji kabla hujatoa fedha.

Jaribio lenyewe hufanywa kwa maji. Jaza chupa hadi sentimita tatu hivi chini ya mdomo, bana, kisha jaribu kukizungusha kisoda kwa vidole, kisizunguke. Ilaze chupa juu ya karatasi kavu usiku kucha, asubuhi karatasi iwe kavu. Pima upana wa kisoda kwa kipimo cha vernia katika sehemu tatu, na uangalie kama vipimo vinakubaliana. Kibonyeo kidogo katikati ya kisoda, ambacho baadhi ya mashine huacha, si kasoro.

Siku ya kujaza bia yenyewe, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda, iliyooshwa sawa na nyingine na kufungwa kwa kifuniko chake. Hiyo ndiyo itakayokueleza kinachoendelea ndani ya kioo. Kwenye nyuzi 28 hadi 30 gesi hukamilika kwa kawaida katika siku tano hadi saba, mapema kuliko wiki mbili zinazotajwa kwenye maelekezo ya nchi za baridi. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama chupa mpya ya soda, hamishia chupa zote kwenye friji, ambako shinikizo litashuka na hamira itasinzia. Ikiwa imekuwa ngumu siku ya pili na inaendelea kuvimba, kuna sukari ambayo hukuihesabu. Poza chupa zote mara moja, na zikishakuwa baridi kabisa, fungua kila moja ukiwa umevaa miwani ya fundi na glavu nene, ukiwa umeifunika chupa kwa taulo. Katika siku hizo za kungoja, kreti ikae chini, ndani ya boksi au ikiwa imefunikwa kwa blanketi zito, chumba chenye kivuli mbali na watoto, na isikae kamwe chini ya paa la bati lisilo na dari wala ndani ya buti ya gari.

Chupa za mililita 500 zilizotunzwa hivi huzunguka nyumbani kwa muda mrefu, na kila mzunguko unadai ukaguzi uleule wa ukucha na mwanga. Zilizomeguka mdomo au zenye ufa zitengwe papo hapo na zipelekwe kwa wanaonunua kioo chakavu. Zilizopauka tu, ambazo wewe hauziamini tena kwa shinikizo la sebuleni kwako lakini bado ni nzima, zisuuze, zipange kwenye kreti yake na uzirudishe dukani ukachukue dhamana yako. Kiwandani zitaoshwa na kukaguliwa, na zisizofaa zitaondolewa huko.